Kabla hamjauza shamba la parachichi

Mkuu wa Makambako, pole sana kwa kuuguza. Umesema saratani ya titi ya mama imefika kichwani, vivimbe viwili, India wamewaandikia mionzi ya kulenga pamoja na tiba ya kinga, na mnafikiria kuuza shamba. Mke wangu alipita hukohuko, sisi ni wa Tukuyu.

Ulizeni kwanza saratani ya mama ni aina gani. Kwa titi, dawa za tiba ya kinga kama pembrolizumab hutumika hasa kwenye ile isiyo na kipokezi hata kimoja kati ya vitatu (estrojeni, projesteroni na HER2), yaani triple negative, tena sampuli ya uvimbe ipimwe PD-L1, protini ambayo saratani huitumia kuizuia kinga. Ikiwa ni ya HER2, ina dawa zake, na hela ya shamba ingeliwa bure. Sisi sampuli tuliisahau hospitali ya kwanza. Ilibidi nirudi kuifuata: kitofali cha nta chenye kipande cha uvimbe ndani, kidogo kuliko kiberiti, nikasafiri nacho kwenye basi nimekishikilia mfukoni.

Mionzi yenyewe ilikuwa siku moja tu. Walimfinyangia usoni kinyago cha plastiki chenye matundu ili asitikisike; alitoka na vimiraba mashavuni, akasema amelalia chandarua.

Kuhusu kuunganisha mionzi na tiba ya kinga, wazo ni kwamba mionzi ikivunja chembe za saratani, kinga ya mwili inazitambua, na dawa inaiondolea breki. Kwa titi tafiti bado ni ndogo; daktari wetu hakutuficha. Anayewahakikishia kupona, mkimbieni. MRI ya baadaye ikionyesha uvimbe umekua, msilie kwanza, huenda ni nyama iliyouawa na mionzi, na hilo ndilo wanalolihofia wakiunganisha. Deksamethasone, dawa ya steroidi, nayo hupunguza kuvimba kwa ubongo, ila dozi kubwa huipooza kinga. Waulizeni, lakini msiikatishe wenyewe.

Kilichotutesa kilitokea nyumbani. Alianza kuharisha, zahanati moja ikasema taifodi, wiki nzima anameza antibiotiki huku anakwisha. Kumbe kinga yake ndiyo ilikuwa inaushambulia utumbo! Alitulia alipopewa steroidi.

Baada ya hapo nikaandika kwenye kipande cha boksi: "Yuko kwenye tiba ya kinga. Akiharisha, akikohoa au akibanwa pumzi, mpigieni daktari wake kabla ya dawa yoyote," na namba chini. Alikaa nacho kwenye pindo la kanga hadi herufi zikaanza kufutika. Ninacho bado. Nikutumie picha unakili.