Swali la Lugha: Kombania au kampuni?

"Mwanangu yuko JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) Mgambo, mkoani kwetu humu humu. Akipiga simu anasema yuko 'kombania C'. Nikamsahihisha aseme 'kampuni', akacheka. Nani kakosea?" Mama wa Ngamiani, Tanga.

Mama, mwanao hajakosea. Kampuni ni ya biashara: ya mabasi, ya simu, ya mkonge. Kombania ni ya askari. Seksheni zikikusanyika ni platuni, platuni zikikusanyika ni kombania, na kombania kadhaa ni batalioni. Asili ya maneno yote mawili ni moja huko Ulaya, ila yalifika pwani kwa majahazi tofauti. Kampuni tumeipata kwa Waingereza. Kombania, kwa ile -nia ya mwisho, mimi naisikia Kompanie ya Wajerumani, walewale waliotuachia shule na hela.

Na neno hili lina historia hapo hapo Tanga. Mwaka 1914 Wajerumani walianza vita na kombania 14 za askari, kila moja ikiitwa kwa namba. Nyingi zilibeba bunduki za mtindo wa 1871, za baruti nyeusi: ukifyatua, moshi unaonyesha ulipojificha. Novemba hiyo Waingereza wakashusha Tanga jeshi kutoka India, na vikosi vyake vingine vilikuwa na majina ya silaha: Kashmir Rifles, watu wa bunduki, Grenadiers wa 101, watu wa guruneti. Guruneti ilibaki kwenye jina tu, kama heshima ya zamani. Mikononi walishika bunduki kama wenzao. Waliposhindwa waliacha bunduki za kisasa na bombom 16, yaani bunduki za rashasha, na kombania za Wajerumani zikajipatia silaha mpya.

Hiyo Rifles ndiyo iliyomo ndani ya Keya, neno ambalo wazee wetu bado wanalo. Ni herufi K.A.R., King's African Rifles, jeshi la Waingereza lililoundwa 1902.

Katika sarufi, kombania ni ngeli ya I-ZI: kombania hii, kombania zetu. "Makombania" nimeiona imeandikwa, na inaniuma. Usiichanganye pia na kikosi, neno pana zaidi: Mgambo nzima ni kikosi, 835 KJ (Kikosi cha Jeshi), na kombania ya mwanao ni sehemu yake. Ukimtumia mzigo, andika jina lake, kisha kombania, kisha kikosi.