Kampuni Ikifa Huacha Mirathi: Kwa Mnaoanza Kusambaza Programu za Kompyuta za Zamani

Wadogo zangu, kila kundi jipya linalojifunza kusoma flopi huja na neno lile lile: "Hii imetelekezwa, kampuni ilishakufa, naipandisha mtandaoni." Mnafanya kazi njema, na tunawahitaji. Lakini neno hilo liacheni.

1. Hakuna sheria inayotambua "programu zilizotelekezwa". Programu hulindwa kama kazi ya maandishi, na ulinzi hauishi kwa sababu mashine imechakaa. Marekani, kazi iliyoandikwa na waajiriwa kwa ajili ya kampuni hulindwa miaka 95 tangu kuchapishwa au 120 tangu kuandikwa, wowote utakaotangulia kwisha. Kwa hesabu hiyo, programu ya 1982 itakuwa huru mwisho wa 2077. Kampuni ikifilisika, mali yake huwa kama mirathi: huuzwa ili wadai walipwe, na kila kitu hupata mwenyewe mpya. Commodore, iliyotengeneza kompyuta za Amiga, ilianguka 1994. Mali zake zikaenda Escom 1995, kisha Gateway 1997, na romu za Kickstart (programu ya kuwashia Amiga, iliyokaa ndani ya chipu) bado zinauzwa kihalali ndani ya Amiga Forever, kifurushi cha kuigizia Amiga. Anayesema Kickstart haina mwenyewe hajamtafuta.

2. Barua ya ruhusa isomwe hadi nukta ya mwisho. Hapa lazima sisi wakongwe tukiri, maana kosa hili tulilibeba miaka 21. Haki za CP/M, mfumo endeshi wa kompyuta ndogo wa kampuni ya Digital Research, zilipita kampuni ya Novell, kisha Caldera. Oktoba 2001, Bryan Sparks, kwa niaba ya upande uliozishika haki hizo, aliandika ruhusa ya kutumia, kusambaza, kurekebisha na kuboresha CP/M. Tukafurahi, tukaishia hapo. Maneno yaliyofuata yaliifunga ruhusa kwenye hifadhi moja ya mtandaoni ya CP/M iliyotajwa kwa jina, pamoja na watunzaji na jamii yake. Sisi tukaitia CP/M kwenye emuleta (programu zinazoiga mashine za zamani), kwenye CD, kwenye kadi za kujiungia nyumbani, kila mtu akimnukuu mwenzake na hakuna anayeirudia barua. Haki hizo zingeuzwa kwa mtu mkali, angetubana sote. Julai 2022 Sparks mwenyewe akaandika upya, akaruhusu CP/M na matoleo yatokanayo nayo bila kuifunga kwenye hifadhi yoyote. Kilichotuokoa ni ukarimu wake.

Na bado mnakosea palepale, kwa sababu ruhusa ile ni ya CP/M, si ya kila kilichomo kwenye diski. Ukiandika DIR, amri ya kuorodhesha faili, unaona PIP.COM, STAT.COM, ED.COM, ASM.COM na DDT.COM, unaridhika kwamba vyote ni vya Digital Research. Diski ya kawaida ya inchi 8 ina treki 77, na mbili za mwanzo zimetengewa mfumo. DIR haizionyeshi kamwe. Humo vimo CCP (inayopokea amri) na BDOS (inayosimamia faili), ambavyo vimeruhusiwa, na BIOS (inayounganisha mfumo na mashine) iliyoandikwa na mtengenezaji wa mashine, ambayo haimo kwenye barua. Kwa hiyo diski inayowasha mashine ina wenyewe wawili hata kabla hujafika kwenye programu za kazi. Kompyuta ya Osborne 1 ilikuja na WordStar ya kuandikia, SuperCalc ya mahesabu na MBASIC ya kutungia programu. Hiyo MBASIC ni ya Microsoft, na kuachiwa kwa msimbo wa GW-BASIC, BASIC nyingine ya Microsoft, mwaka 2020 hakukuigusa.

Tiba ni rahisi. Tengeneza faili la baiti 256,256, zote zikiwa E5 kwa heksadesimali: hiyo ni diski tupu ya inchi 8, isiyo na BIOS ya mtu. Nakili faili moja moja kwa programu ya PIP, kwa mfano PIP B:=A:STAT.COM[V], ambapo V huhakiki nakala. Usiandike *.COM, maana MBASIC.COM nayo itavuka.

3. Angalia tarehe ya leseni. Msimbo wa MS-DOS 1.25 na 2.0, mfumo endeshi wa Microsoft, ulitolewa 2014 kupitia Computer History Museum kwa utafiti na elimu isiyo ya biashara tu, bila kusambazwa. 2018 ukaja chini ya leseni ya MIT, inayoruhusu kusambaza, na 4.00 ikafuata 2024. Msiifanye leseni hiyo ya 6.22.

4. Kupakua bure si ruhusa ya kugawa. Kampuni ya Amstrad iliruhusu romu za kompyuta ya Spectrum ziende pamoja na emuleta, lakini maandishi ya hakimiliki yasiguswe, na haki zikabaki zake.

5. Marekani, ukiuza flopi halisi, nakala yako ya akiba iende nayo au ifutwe.

6. Kabla ya kusoma flopi, hakikisha imezuiwa isiandikwe. Ukimaliza, rekodi SHA-1 (alama ya kuthibitisha kuwa faili halijabadilika), kisha tafuta ndani ya imeji (nakala nzima ya flopi kwenye faili moja) namba za usajili na barua binafsi za mwenye diski. Leseni ikae ndani ya zip ileile. Usipompata mwenye haki, imeji ihifadhiwe bila kuchapishwa. Ukimpata, mwandikie jina la programu, toleo na orodha ya faili, kisha uliza mambo matatu: nani anaruhusiwa kusambaza, je anayepokea naye anaweza kusambaza, na je kurekebisha kunaruhusiwa. Omba maneno "mtu yeyote" yaandikwe waziwazi, maana ndiyo yaliyokosekana 2001.