Uso na theluji havipatani

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mchoraji, nipo Masasi. Mteja amenipa picha ya simu ya kaka yake akiwa Oslo, kasimama mtaani kwenye theluji, nimchore kwa rangi za mafuta. Sura imetoka, kila mtu anamtambua. Ila anaonekana kama kakatwa kwingine akabandikwa pale, na theluji imekuwa kama ukuta wa chokaa. Nirekebishe nini?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Kama sura imetoka, macho na mdomo usiviguse. Kinachokosekana ni mwanga wa kutoka chini.

Theluji mpya hurudisha asilimia 80 hadi 90 ya mwanga unaoiangukia. Huku Mtwara tumezoea jua la utosini: chini ya kidevu giza, chini ya nyusi giza, na mkono unachora hivyo wenyewe. Kwenye theluji sehemu hizo hupata mwanga wa pili unaopanda kutoka ardhini. Tandika shuka jeupe juani, msimamishe mtu, kisha liondoe. Tazama kidevu na chini ya pua. Ukifika Lindi, pita kwenye mashamba ya chumvi, utauona vizuri zaidi.

Kwenye ngozi nyeusi mwanga huo unapendeza mno, na inaniuma kuona watu wakiupaka kwa kuongeza nyeupe tu, ngozi ikapauka. Changanya bluu ya ultramarini na kahawia ya siena, nyeupe iwe kidogo sana. Nyeusi ya kwenye tyubu iache kabisa.

Theluji nayo: nyeupe tupu ibakize kwa sehemu chache zinazopigwa na jua, kwingine punguza weupe. Siku ya jua vivuli vyake ni vya bluu, maana vinaangazwa na anga. Siku ya mawingu hakuna kivuli chenye ukingo mkali. Chunguza picha ilipigwa siku gani, usichanganye. Simu nayo usiiamini sana: weupe mwingi huifanya kamera ipunguze mwanga, theluji ikatoka kijivu na uso mweusi kuliko ulivyo. Muombe mteja picha nyingine ya kaka yake, hata ya ndani ya nyumba.

Ukingo wa koti upande wa kivuli ulainishe kwa brashi kavu, uyeyukie mtaani. Ila kwanza acha kazi ikauke, na tabaka la juu liwe na mafuta mengi kuliko la chini, la sivyo litapasuka.