Kutoka daftari la oda kwenda CRM: anza na namba za simu

Duka la samani lenye wauzaji watatu huwa limetawanya wateja wake sehemu nne: daftari la oda kaunta, faili la Excel kwa mhasibu, lebo za WhatsApp Business kwenye simu ya duka, na kichwa cha muuzaji mkongwe. Ukikabidhiwa kazi ya kuwahamishia wote kwenye CRM, yaani mfumo wa wateja, usikimbilie mfumo. Akaunti hufunguliwa kwa dakika kumi. Kazi iko kwenye namba za simu.

Jina halitoshi kumtambua mteja. Daftari moja linaweza kuwa na Mama Asha wanne, "Fundi Saidi" na "Saidi fundi" ambao ni mtu mmoja, na "yule wa kabati, Mbagala". Kinachowatofautisha ni namba, kwa hiyo zote ziandikwe kwa mtindo mmoja: +255 kisha tarakimu tisa, bila nafasi wala kistari. Kwa Kenya ni +254 na tisa vilevile. Namba moja ikiandikwa mara kwa 07 na mara kwa 2557, mifumo mingi itahesabu wateja wawili.

Excel ndiyo huharibu hapa. Ukiandika namba inayoanza na sifuri, inadhani ni hesabu na kuifuta sifuri. Ukiandika tarakimu 12 zinazoanza na 255, inaweza kukuonyesha 2.55712E+11, na ukihifadhi CSV (faili la maandishi matupu ambalo CRM hulipokea) ikiwa hivyo, tarakimu za mwisho zimekwenda, hazirudi. Chagua kolamu nzima na uiweke kwenye aina ya Text kabla ya kubandika chochote. CSV ikishakuwa tayari, usiifungue tena kwa kuibofya mara mbili, maana Excel itarudia uharibifu uleule. Ikague kwa Notepad. Tarehe nazo ziandike 2024-04-03, kwa sababu 03/04 mfumo mmoja utaisoma Aprili na mwingine Machi.

Kisha panga orodha kwa namba uone zinazojirudia. Usibonyeze kitufe cha kuunganisha zote kwa mkupuo. Namba moja inaweza kuwa ya mke na mume, au ya dereva aliyetumwa na bosi wake, na kwenye programu nyingi wateja wakishaunganishwa hawatenganishiki. Mwenye laini mbili abaki mteja mmoja, laini ya pili iwe na sehemu yake. Kaa na muuzaji mkongwe saa mbili mkipitia majina yenye utata; hakuna programu itakayokufanyia hilo.

Si lazima uhamishe kila mtu. Walionunua ndani ya miaka miwili iliyopita, wenye oda zilizo wazi na wenye madeni wanatosha. Deni lenyewe libaki kwenye vitabu vya mhasibu. Ukiliandika na kwenye CRM, baada ya wiki mbili vitakuwepo viwango viwili, na mteja atashikilia kile kidogo.

Sehemu za lazima ziwe mbili tu, jina na namba. Ukilazimisha barua pepe, muuzaji mwenye wateja watatu mbele yake ataandika a@a.com. Hatua za oda nazo zitokane na vitu vinavyoonekana: kaulizia, profoma imetumwa, advansi imelipwa, iko kwa fundi, imepokelewa. Hatua kama "ana nia" haina faida, kila muuzaji ana nia yake.

Jaribu kwanza na mistari 20, na uchague ile korofi. Weka anwani yenye mkato, kama "Sinza, nyuma ya soko", kwa sababu mkato usiofungwa kwa alama za nukuu husukuma kila kitu kolamu moja mbele. Weka jina lenye ng': likitoka na vialama vya ajabu kama â€™, mfumo haukulisoma faili kama UTF-8, yaani mtindo wa kuhifadhi herufi. Ingiza wateja kwanza, oda baadaye, kwa kuwa oda inahitaji mteja wa kushikamana naye. Bakiza kolamu ya namba ya oda ya daftarini. Ubishi ukitokea, ndiyo itakayokurudisha kwenye ukurasa wake.

Kabla ya kuingiza orodha nzima, zima ujumbe wote wa kujituma. Usipozima, mfumo unaweza kuwatumia "Karibu mteja mpya" watu 1,800 walionunua zamani, na SMS zinalipiwa. SMS moja hubeba herufi 160. Ukitia emoji hata moja, hushuka hadi 70, na ujumbe uleule unalipiwa mara mbili au tatu.

Siku ya kuhama iwe Jumanne, si Jumamosi wala mwisho wa mwezi watu wakiwa na mishahara. Chora mstari daftarini, andika tarehe, meneja asaini, kisha liende kabatini. Likibaki kaunta "kwa dharura", litaendelea kuandikwa.

Kila muuzaji awe na nywila yake, la sivyo hutajua nani alibadilisha bei. Akaunti kuu ifunguliwe kwa barua pepe ya duka, na msimbo wa kuthibitisha uende simu ya mwenye duka. Msimbo ukienda kwa kijana wa kompyuta, siku akiacha kazi ameondoka na funguo.

Angalia pia yanayoandikwa kwenye maelezo ya mteja. "Msumbufu" na "mbahili" yalivumilika daftarini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, kama ile ya Kenya ya 2019, inampa mteja haki ya kuuliza umehifadhi nini juu yake. Andika "hupiga simu mara tatu kabla ya kulipa", muuzaji mwenzako ataelewa.

Na kila Ijumaa jioni pakua nakala ya wateja wote, uiweke nje ya mfumo.