Barua kwa mwanangu: kidole kinachopita mbele ya macho

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako niliusoma usiku, nikaurudia alfajiri. Tangu ajali ya basi iliyomchukua rafiki yako hujatulia, na sasa umeniuliza mambo mawili. La kwanza, kama tiba ya macho aliyokupendekezea mshauri wako ni tiba kweli au ni kiini macho tu. La pili uliliandika mwishoni kabisa, kana kwamba halina uzito: "Mama, nikiacha kuumia, si ndiyo nimemsahau?" Hilo la pili ndilo lililonifanya nishike kalamu badala ya simu.

Nianze na jambo ambalo sijawahi kukusimulia lote. Tulipohama ile nyumba ulikuwa na miaka sita, na kila ukiuliza kwa nini tumehama nilikujibu kwamba ilikuwa ndogo. Haikuwa ndogo. Wezi walivunja mlango usiku, mmoja wao akanikaba shingo huku akinimulika usoni kwa tochi, anataka pesa. Hawakukaa hata dakika kumi. Wao waliondoka, ile tochi ikabaki. Kwa miaka minne, gari likipita nje na taa zake zikapiga dirishani, mkono wangu ulikwenda shingoni kabla sijajua. Nilikagua komeo, nikalala, nikaamka kulikagua tena. Watu waliniambia nishukuru kwamba nilitoka salama. Nilishukuru, na usingizi bado haukuja. Nilijikaza kisabuni mpaka mwili ukakataa, ndipo nikafika kwa mtaalamu. Tiba aliyonipa ni hiyo hiyo unayoniuliza, ambayo wenyewe huiita kwa kifupi EMDR, yaani kuichakata upya kumbukumbu ya kutisha huku macho yakienda kushoto na kulia.

Unajua methali ile: aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Watu huitumia kumcheka mwoga. Mimi naiona ni maelezo sahihi kabisa ya kiwewe. Jambo la kawaida likikupata, ubongo hulichakata na kuliweka mahali pake: lilitokea siku fulani, likaisha. Jambo la kutisha kupita kiasi linaweza kukwama njiani. Linabaki bichi, na picha yake, sauti yake, harufu yake, hata namna mwili ulivyojikunja saa ile. Sehemu ndogo ya ubongo iitwayo amigdala, ambayo kazi yake ni kupiga mbiu ya hatari, haisubiri uiambie leo ni tarehe ngapi. Ikisikia mlio wa breki unaofanana na ule wa basi lenu, inapiga mbiu. Kwa hiyo unaposhuka kwenye gari katikati ya safari huku unatetemeka, usijiite dhaifu. Mwili wako unaamini ajali inatokea sasa hivi.

Sasa hicho kidole. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Mmarekani, Francine Shapiro, alikuwa akitembea bustanini huku mawazo mabaya yakimsumbua. Akagundua kwamba macho yake yalikuwa yakienda huku na huku kwa haraka, na kwamba yale mawazo yalipoteza makali. Akajaribu kwa watu wengine, akachapisha utafiti wake wa kwanza mwaka 1989. Wengi katika fani yake walimtilia shaka, na siwalaumu, maana ukiisikia hivi hivi inafanana na mazingaombwe. Lakini utafiti uliendelea, na mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani liliitaja katika mwongozo wake miongoni mwa tiba za watu wazima na watoto wenye msongo unaofuata kiwewe, pamoja na tiba ya mazungumzo inayolenga mawazo na tabia. Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni kwamba ni tiba.

Sitakuficha kwamba wataalamu wanabishana. Hawabishani sana kama watu wanapata nafuu. Wanabishana kama nafuu inatoka kwenye macho, au inatoka kwenye kuikabili kumbukumbu ukiwa na mtu unayemwamini. Uchambuzi wa tafiti uliotoka mwaka 2001 haukuona kwamba mwendo wa macho unaongeza kitu. Mwingine wa mwaka 2013 uliona unaongeza. Maelezo yanayonishawishi mimi ni haya: akili ina nafasi ndogo ya kushikilia mambo kwa wakati mmoja. Ukiishika picha ya kutisha huku macho yanafuata kitu kinachokwenda kasi, picha na mwendo vinagombania nafasi ile ile, na picha inafifia. Ikirudishwa ghalani, inarudi ikiwa imefifia hivyo hivyo. Hata kuhesabu kinyumenyume huku unaikumbuka picha kumeonekana kufanya kazi inayofanana. Kidole chenyewe hakina uchawi wowote.

Nikueleze ilivyokuwa kwangu, maana najua hilo ndilo unalolitaka hasa.

Vikao viwili vya kwanza hakunyanyua kidole kabisa. Aliniuliza habari za maisha yangu, akanifundisha kutulia. Aliniambia nichague mahali ambapo moyo wangu unapumzika, nipaone vizuri akilini, nipasikie, ili nikizidiwa nipate pa kukimbilia. Nilidhani anapoteza muda. Baadaye nilielewa kwamba bila matayarisho yale ningekimbia chumbani mwake kwenye kikao cha tatu na nisirudi. Mwanangu, ukikutana na mtu anayetaka kukuingiza kwenye ajali siku ya kwanza, kabla hajakujua, toka.

Kikao cha tatu aliniomba nichague picha moja, ile mbaya kuliko zote. Nikasema tochi. Akauliza, ukiiona picha hiyo unajiambia nini kuhusu wewe mwenyewe? Nikasema: siwezi kumlinda mwanangu. Akauliza ningependa kuamini nini. Nikakaa kimya sana, kisha nikasema: nilifanya nilichoweza. Akataka nipime maneno hayo ni ya kweli kiasi gani moyoni, kwa kipimo cha 1 hadi 7. Nikasema 2. Kisha nipime uchungu, kwa kipimo cha 0 hadi 10. Nikasema 9. Uko wapi mwilini? Shingoni.

Ndipo akanyanyua vidole viwili mbele ya uso wangu, akavipeleka kushoto na kulia. Kichwa hakisogei, macho tu ndiyo yanafuata. Kama nusu dakika hivi. Kisha akavisimamisha: "Vuta pumzi. Kimekujia nini?" Nikijibu neno moja au mawili, yeye hachambui wala hahubiri, anasema tu, "Endelea na hicho," na vidole vinaanza tena. Hakunitaka nisimulie kila kitu. Hilo lilinifaa sana, kwa sababu kuna mambo ya usiku ule sijamwambia mtu hadi leo.

Mara za kwanza uchungu ulipanda. Nililia, nikahisi vidole vya yule mwizi shingoni kabisa. Kisha, sijui ni mara ya sita au ya saba, nikaona kitu ambacho kwa miaka minne sikuwa nimekiona: ile tochi ilikuwa inatetemeka. Mwanga ulikuwa unacheza ukutani. Mkono ulioishika ulikuwa wa kijana, na kijana yule alikuwa anaogopa. Halafu nikasikia kitu kingine, ukimya kutoka chumbani kwako. Ulikuwa umelala. Hukuamka hata kidogo. Miaka yote ile nilikuwa nikijiambia nimeshindwa kukulinda, na wewe ulikuwa umelala upande wako wa kulia, shuka limeanguka chini, hujui lolote.

Siku ile niliondoka nikiwa kwenye 4. Vikao vilivyofuata tuliirudia picha ile mpaka ikabaki kama picha ya ukutani, naiona lakini hainishiki. Kisha akaniongoza kuyakazia yale maneno niliyoyachagua, na mwisho nipitie mwili wangu kuanzia kichwani mpaka miguuni nikitafuta palipobaki pamekaza. Kila kikao tulifunga kwa kutulia, na kila tuliporudi alianza kwa kuuliza kilichotokea tangu kikao kilichopita. Kwa jumla vikao vinane. Kwa mtu aliyepatwa na tukio moja, mara nyingi huwa kati ya 6 na 12, kila kimoja saa moja hadi saa moja na nusu. Aliyeumizwa tangu utotoni huhitaji vingi zaidi.

Ujiandae, maana siku mbili tatu baada ya kikao unaweza kuota sana, kuchoka, kulia bila sababu. Ubongo bado uko kazini. Andika yanayokujia, umpelekee mshauri. Siku hiyo usipange jambo zito baadaye. Na kabla hamjaanza, mweleze kila kitu: yale maumivu yako ya macho, na zile nyakati ulizoniambia kwamba unajiona kama uko mbali na mwili wako. Na kama kuna usiku umewahi kufikiria kutoendelea kuishi, mwambie yeye, na uniambie mimi, saa yoyote. Mambo hayo hubadilisha namna anavyoanza, au huahirisha kabisa. Muulize pia amesomea tiba hii wapi na anasimamiwa na nani. Swali hilo si utovu wa adabu.

Kama kufuata kidole kutakuumiza macho, kuna njia nyingine za kushoto na kulia: kugongwagongwa taratibu viganjani, au sauti inayopishana masikioni. Baada ya kimbunga Pauline kuupiga mji wa Acapulco, Meksiko, mwaka 1997, wataalamu Lucina Artigas na Ignacio Jarero waliwafundisha walionusurika kukunja mikono kifuani na kujipigapiga mabegani kwa kupokezana. Wakaliita kumbatio la kipepeo. Mimi hulitumia mpaka leo nikiwa na hofu ndogo ndogo. Ila hilo ni la kujituliza tu. Ajali yenyewe usiichokonoe peke yako chumbani.

Wala hutalazwa usingizi. Uko macho, unajua ulipo, na ukinyanyua mkono anasimama. Inawezekana pia isikufae, kwa sababu hakuna tiba inayomfaa kila mtu. Ikiwa hivyo, ile ya mazungumzo ipo, na utakuwa hujashindwa mtihani wowote.

Sasa swali lako la pili. Hapana, hutamsahau.

Mimi sijasahau kitu. Nimekusimulia tochi, ukuta, shuka lako. Kilichobadilika ni kwamba yale mambo sasa yana tarehe. Na kuna kilichonirudia bila kutarajia. Kwa miaka minne nyumba ile kwangu ilikuwa usiku mmoja tu. Baada ya tiba ndipo nikakumbuka kwamba mle ndani ndimo ulimojifunza kutembea, ukishika ukuta ule ule.

Naangalia ulivyo na marehemu rafiki yako. Mmekuwa marafiki miaka kumi na miwili, lakini tangu ajali hujanitajia chochote chake isipokuwa dakika ile ya mwisho, kioo cha dirisha na mlio wa breki. Ukilianza jina lake unaishia hapo. Unaogopa kwamba maumivu ndiyo kamba pekee iliyobaki kati yenu. Mimi naona maumivu yamesimama mlangoni, na yeye yuko nyuma yake, na kicheko chake kile cha kufunika mdomo kwa mkono.

Siku mbili kabla ya safari ulinipigia simu ukicheka mpaka maneno hayatoki. Ulikuwa unanieleza alivyoingia ukumbini siku ya mahojiano amevaa viatu vya watu wawili tofauti, na simu ikakatika kabla hujasema alichomjibu yule mkuu wa usaili. Sijakuuliza tena, kwa sababu niliona bado. Ukifika mahali ambapo unaweza, nimalizie. Nataka kujua alijibu nini.

Mama yako