Wakala wa stesheni aliyegeuka mfanyabiashara: nimtafute wapi?

Swali: Shikamoo, mwalimu. Mimi ni Mtanzania, naishi Minnesota, Marekani. Tumenunua nyumba ya zamani katika mji mdogo ulio kando ya reli. Majirani wanasema aliyeijenga alikuwa wakala wa stesheni, baadaye akaacha kazi akafungua biashara ya mbao na makaa ya mawe. Kwenye sensa ya 1880 nimemkuta, ameandikwa wakala wa reli. Sensa ya 1900 inamtaja kuwa mfanyabiashara wa mbao. Katikati ya hapo sioni kitu. Niliomba pia faili lake kwenye bodi ya pensheni za wafanyakazi wa reli, nikajibiwa hayumo. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba, dada. Kwanza nikutoe wasiwasi: hukukosea popote. Fomu za sensa ya 1890 ziliharibiwa na moto uliowaka katika jengo la Wizara ya Biashara mjini Washington tarehe 10 Januari 1921. Kati ya watu wapatao milioni 63 waliohesabiwa, majina yaliyosalia ni elfu sita na ushei. Na bodi ya pensheni uliyoiandikia ni ya miaka ya 1930. Mafaili yake ni ya watu waliofanya kazi ya reli baada ya 1936. Mtu wako alikuwa ameshaiacha reli zamani. Hapo usipoteze senti nyingine.

Ushauri wangu ni huu: acha kidogo kumfuata mtu, fuata mzigo. Ukisikia wakala wa stesheni ya mji mdogo wa Marekani, usimfikirie stesheni masta wa Tabora au Voi mwenye makarani na wapagazi. Huyu mara nyingi alikuwa peke yake. Yeye ndiye aliyekata tiketi, aliyepokea na kutuma telegrafu, aliyepima mizigo, aliyeandika hati na kukusanya malipo. Mara nyingi alikuwa pia wakala wa kampuni ya vifurushi, akilipwa komisheni. Kila kilichoingia mjini kilipita mbele ya macho yake. Alijua nani ameagiza mbao, kwa bei gani, na mzigo upi umekataliwa ukalala stoo. Akianza biashara, huanzia hapo hapo kwenye mzigo, hata kabla hajaacha kazi.

Mfano unaojulikana kuliko yote umetokea jimboni humo humo unapoishi. Richard Sears, aliyezaliwa Stewartville mwaka 1863, alikuwa wakala wa stesheni ya North Redwood kwenye reli ya Minneapolis and St. Louis. Pembeni ya kazi aliwauzia wenyeji mbao na makaa ya mawe, kama huyo wako. Mwaka 1886 lilifika sanduku la saa za mfukoni, na sonara wa mji jirani akakataa kulipokea. Sears akapatana na waliolituma, akazichukua zile saa, akawauzia mawakala wenzake wa stesheni nyingine njiani. Ziliuzika haraka. Reli za Marekani zilikuwa zimeanza kutumia majira ya pamoja tarehe 18 Novemba 1883, na kila mtu aliyeishi kwa ratiba ya treni alitaka saa inayoaminika. Mwaka huo huo wa 1886 Sears akahamia Minneapolis na kufungua kampuni ya saa. Mwaka 1887 alikuwa Chicago, akatangaza kazi ya fundi saa, akajitokeza Alvah Roebuck. Mwaka 1893 jina la Sears, Roebuck likaanza kutumika, na kampuni hiyo ikaja kuwauzia wakulima wa Marekani nzima kwa njia ya posta.

Sasa mwangalie Sears kwa macho ya mtafutaji. Sensa ya 1880 ilimkuta kijana wa miaka 16. Ya 1900 ilimkuta mkuu wa kampuni kubwa. Stesheni yote, na lile sanduku la saa, vimeangukia kwenye pengo lile lile linalokusumbua. Tungeshika sensa peke yake, tusingejua kwamba aliwahi kukaa dirishani akiuza tiketi.

Kwa hiyo anza na sensa za jimbo. Minnesota ilihesabu watu wake yenyewe mwaka 1885, 1895 na 1905. Ya 1885 itakuonyesha kama alikuwa bado mjini na aliishi na nani. Ya 1895 ndiyo tamu zaidi, kwa sababu iliuliza kazi ya mtu na muda aliokaa katika eneo hilo. Kama alipigana upande wa Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, yapo pia madaftari ya 1890 ya wapiganaji hao na wajane wao. Ya Minnesota yamesalimika. Unapotafuta, usikazanie neno moja. Kazi hiyo hiyo iliandikwa "station agent", "depot agent", "R.R. agt." (kifupi cha "railroad agent") au "telegraph operator", kutegemea karani alivyosikia siku hiyo.

Halafu tafuta vitabu vya ukopeshaji. Hapa ndipo ningeweka nguvu zangu nyingi. Kampuni mbili, R.G. Dun na Bradstreet, zilichapa mara kadhaa kwa mwaka orodha ya wafanyabiashara wa nchi nzima, mji kwa mji, hata vijiji vyenye maduka matatu. Mbele ya kila jina kuna aina ya biashara na alama fupi ya kukadiria mtaji na uaminifu wa kulipa. Maktaba ya Bunge ya Marekani inavyo vingi. Chukua toleo la 1885, tazama mji wako. Chukua la 1887, la 1889, uendelee hivyo hivyo. Toleo la kwanza lenye jina lake litakusogeza karibu sana na tarehe aliyofungua biashara. Zile alama zitakuonyesha kama mtaji ulikua au uliyumba. Ufunguo wa kuzisoma alama hizo uko ndani ya kitabu chenyewe. Uunakili kutoka toleo hilo hilo.

Ramani za bima ya moto za Sanborn zitakuonyesha biashara ilikaa wapi, kama mji wako ulichorwa. Zina rangi: njano ni jengo la mbao, waridi ni tofali. Tafuta stesheni kando ya reli, kisha pitisha kidole kwenye njia ya pembeni ya kushushia mizigo. Huko ndiko vilikokaa vibanda vya makaa na yadi za mbao, na mara nyingi jina la mwenye yadi limeandikwa juu yake.

Yadi hiyo inaweza kukupotosha kwenye ofisi ya hati za ardhi ya kaunti. Nyumba yako utaipata, kwa sababu aliinunulia kiwanja. Yadi ya mbao huenda usiione kabisa. Wafanyabiashara wengi wa pembeni ya reli walipanga ardhi ya kampuni ya reli yenyewe, na upangaji huo ulikaa kwenye madaftari ya kampuni. Niliwahi kumtafuta mtu wa namna hii miezi mitatu kwenye faharisi za wauzaji na wanunuzi wa ardhi, nikaandika kwamba hakuwa na yadi yoyote. Alikuwa nayo miaka 11, kwa mkataba wa kukodi. Ilinibidi nimwombe radhi mjukuu wake.

Hivyo jua ni reli gani, na nani aliirithi. Ile ya Minneapolis and St. Louis ilinunuliwa na Chicago and North Western mwaka 1960, nayo ikaingia Union Pacific mwaka 1995. Karatasi husafiri hivyo hivyo, nyingine zikaachwa njiani kwenye maktaba na makumbusho. Kama mtu wako aliajiriwa na Great Northern au Northern Pacific, una bahati: nyaraka nyingi za kampuni hizo, pamoja na mafaili ya wafanyakazi, ziko Minnesota Historical Society pale St. Paul. Kama ni Burlington au Illinois Central, nenda Newberry Library, Chicago.

Gazeti la mji lisome mwisho, ukiwa tayari na miaka ya kubana. Soma safu ya habari ndogo ndogo za mtaa, zile za nani amesafiri na nani amepokea behewa la makaa. Usitegemee kutafuta kwa kompyuta tu, maana wino uliofifia huipoteza. Pitia kurasa kwa macho, miezi sita kabla na sita baada ya toleo lile la vitabu vya ukopeshaji.

Niandikie jina la kaunti na jina la reli iliyopita mjini kwenu mwaka 1880. Nikiyapata nitakuelekeza daftari la kuanzia.