Kutahiriwa hakuondoi kapoti

Mdogo wangu wa Kadutu, Bukavu, unauliza: ulipita bwali, jando la porini, kule Shabunda, na wenzako wanasema mwanaume aliyetahiriwa hahitaji kapoti, yaani kondomu. Ni kweli?

Hapana. Majaribio ya Afrika Kusini, Kenya na Uganda yalionyesha kwamba tohara hupunguza hatari ya mwanaume kupata VVU kutoka kwa mwanamke kwa asilimia 60 hivi, ndiyo maana Shirika la Afya Duniani likaipendekeza mwaka 2007. Watu wakasikia "hupunguza", wakaenda kusimulia "huzuia". Tena ile ilikuwa tohara ya daktari. Ya porini wakati mwingine huacha ngozi. Na mimba, je? Haiulizi kama ulikatwa.

Ila nikisoma vizuri naona kinachokusumbua ni aibu: muuza dawa wa mtaani anamjua mama yako. Basi nenda ununue kapoti kule Ibanda, sehemu nyingine ya mji, mimi nilifanya hivyo miaka mingi. Usiiweke kwenye pochi unayoikalia, joto huiharibu. Angalia tarehe, kisha bonyeza pakiti; kama haina hewa ndani, tupa. Mpenzi wako akisema humwamini, mwambie mwende mkapime wote wawili.